Kusafiri kwa Pikipiki Kati ya Kilosa na Mikumi

Katika wilaya zetu pikipiki zimekuwa nyingi. Mwalimu wa shule ya mbali anayo, mganga wa zahanati anayo, mtendaji wa kata anayo, na maafisa ugani wengi walipewa zao na Serikali mwaka 2022. Tena vijana wachukuao abiria hawahesabiki. Wengi wa hao walijifunza kupanda kwa siku mbili tatu uwanjani, wakapewa chombo, wakaenda zao. Kugeuza gia wanajua, na kushika breki wanajua. Lakini safari ya kutwa katika njia za nchi yetu ina mambo yake, na asiyeyajua hujifunza porini, tena mara nyingi wakati jua linapokuchwa. Kwa hiyo nimeona yafaa kuyaandika hapa machache niliyoyapata kwa kusafiri miaka kumi na mmoja kwa kazi ya ukarani, ili mwenye pikipiki ayatumie, na asiye nayo ajue la kumwuliza yule atakayempakia.

Njia yenyewe ni fupi. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi ni kilometa 70 na ushei, ukipita Ulaya. (Wageni hucheka wasikiapo mtu akisema, "Jana nililala Ulaya, na leo asubuhi nimerudi," kwani hawajui ya kuwa Ulaya hiyo ni kijiji chetu.) Tangu treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wako pia wageni washukao Kilosa na kutafuta pikipiki ya kuwapeleka Mikumi. Katika umbali huo mdogo mpanda pikipiki huonja ardhi za kila namna: changarawe, mchanga, udongo mweusi wa mbuga ushikao kama gundi, vijito vishukavyo kutoka milima ya Rubeho, na mwisho lami ya barabara kuu, ambayo malori ya kwenda Zambia huipita usiku na mchana. Chombo kilekile na mtu yuleyule sharti wabadili mwendo mara nne tano katika safari moja.

Pikipiki si ngeni hapa. Majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyoingia Kilosa mwezi wa Agosti 1916 katika vita vile vikubwa vya kwanza, yalikuja na farasi wengi, na farasi wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o. Waafrika Kusini hao walikuwa na kikosi cha pikipiki pia. Mbung'o hakuziweza pikipiki, lakini matope yaliziweza. Tena wako wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walioondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther yenye kigari ubavuni na tela nyuma, wakalikata jangwa la Sahara, wakapita Afrika ya Mashariki, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Nawataja kwa sababu moja: walijua kuifungua mashine yao na kuifunga tena kwa mikono yao wenyewe. Nguvu za mwili zisingaliwafikisha.

Basi, tuanze asubuhi kabla ya kuwasha. Pima hewa ya matairi yakiwa bado baridi, kwani tairi likishapata moto kipimo hudanganya. Pikipiki ndogo zilizo nyingi kwetu hutaka ratli 25 hadi 28 kwa inchi ya mraba mbele, na 28 hadi 32 nyuma, zaidi kidogo ukiwa na abiria. Lakini tazama kibandiko cha chombo chako mwenyewe, usifuate changu. Hewa ikipungua tairi huchemka, na tyubu huvutwa mpaka mdomo wake ukakatika, nayo hiyo ni pancha isiyozibika. Ikizidi, chombo hurukaruka juu ya changarawe kama mbuzi. Halafu chukua spana ndogo ugonge njiti za magurudumu moja moja. Zilizokaza hulia, iliyolegea hunyamaza. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, nami sijaona watu watatu waifanyao.

Kitu cha pili ni mnyororo, ambao mafundi huuita cheni, na hapa nitakaa kidogo, kwani mnyororo ndio ulionifundisha adabu.

Miaka michache iliyopita nalikuwa nikitoka Morogoro kurudi Mikumi, na nyuma yangu nimempakia mwalimu mmoja mzee aliyeniomba nimpeleke kwa mwanawe. Majuma mawili kabla ya siku ile nalikuwa nimeona meno ya sproketi ya nyuma yamepinda na kuchongoka kama mundu. Nikaenda dukani, nikanunua mnyororo mpya peke yake, kwa sababu seti nzima ilikuwa na bei, nami nikajiona mwerevu. Tulipokuwa ndani ya hifadhi, saa kumi na moja na nusu jioni, nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu, injini ikalia bure, na chombo kikapungua mwendo mpaka kikasimama. Mnyororo ulikuwa umelala barabarani nyuma yetu hatua kama sitini. Kiungo cha akiba sikuwa nacho. Tukasimama pale, mimi na mzee yule, jua likishuka, na upande wa kushoto, mbali kidogo, tembo saba wakija polepole kuelekea barabara. Mzee hakuninung'unikia hata neno moja. Aliuliza tu, "Mwanangu, hili halikuweza kuonekana nyumbani?" Nikamwambia lilionekana. Akanyamaza.

Dereva wa lori alisimama, Mungu ambariki, akatupandisha sisi na pikipiki juu ya magunia yake. Tembo walivuka mahali petu baada ya sisi kuondoka. Tuliwaona kutoka juu ya lori. Tena yatupasa kushukuru kwamba mnyororo ulianguka chini. Mara nyingine hujikunja penye sproketi ya mbele, gurudumu la nyuma likakwama ghafula, na mpanda hutupwa. Na wakati mwingine huvunja ganda la injini.

Sababu ni hii. Mnyororo mpya una nafasi sawasawa kati ya viungo vyake, na meno yaliyolika yana nafasi nyingine. Vikikutana havikai pamoja. Kila jino huuvuta mnyororo mahali pasipo pake, nao mpya huzeeka kwa majuma badala ya miezi. Kwa hiyo mnyororo na sproketi zote mbili, ya mbele na ya nyuma, hubadilishwa siku moja. Bei ya seti nzima ni ndogo kuliko bei ya minyororo miwili.

Kuujua uzima wake, simamisha chombo kwa stendi kubwa, uushike mnyororo katikati ya sehemu ya chini, uupandishe na kuushusha kwa kidole. Mchezo wake uwe sentimeta 2 hadi 3 hivi kwa pikipiki zilizo nyingi. Zungusha gurudumu upime tena mahali patatu au panne, kwani mnyororo hauliki sawasawa. Pima pale ulipokaza zaidi. Wengi hudhani kuukaza sana ndiyo salama. Wakumbuke ya kwamba mtu na mzigo wakikaa, gurudumu la nyuma hupanda na mnyororo huzidi kukaza. Uliokazwa kama uzi wa zeze hula beringi na kukatika mapema kuliko uliolegea kidogo. Kama kiungo chake kina klipu, upande wa klipu uliozibwa uelekee kule mnyororo uendako, na ule wenye mwanya uwe nyuma. Ukigeuzwa, jiwe moja au kijiti chaweza kuing'oa. Mafuta yake utie jioni ukiwa bado una joto, baada ya kuupangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kutia oili juu ya vumbi ni kutengeneza jiwe la kunolea.

Oili ya injini ni habari fupi. Katika pikipiki hizi ndogo ni kama lita moja tu, nayo hupoza, hulainisha na kuosha kwa wakati mmoja, na klachi pia huogelea humo. Kwa hiyo tumia oili ya pikipiki, usitie ile ya motokaa. Katika vumbi letu mimi hubadili kabla ya muda uliotajwa kitabuni, wala sijajuta. Kichujio cha hewa nacho kisafishwe kila juma wakati wa kiangazi. Kikiziba, injini hunywa petroli nyingi na kukosa nguvu, na mwenyewe hulaumu plagi. Kikitobolewa au kuondolewa, kama wafanyavyo vijana wengine ili chombo kipige kelele, mchanga huingia na kuikwangua silinda, na haichukui miezi mingi moshi wa buluu ukaonekana nyuma.

Petroli ununue penye pampu ikiwezekana. Pikipiki ya cc 125 iliyotunzwa vema huenda kilometa 40 au zaidi kwa lita moja, basi tangi lililojaa Kilosa lakupeleka Mikumi na kukurudisha. Ile ya chupa iuzwayo kandokando ya njia huenda imechanganywa na mafuta ya taa, na kuichuja kwa kitambaa hakutoi mafuta ya taa. Utaijua injini ikigongagonga kilimani na kupata moto kupita desturi.

Juu ya mzigo nina neno kali kidogo. Pikipiki hizi hutengenezwa kuchukua kilo 130 hadi 150, ndiyo hesabu ya mpanda, abiria na vitu vyote kwa jumla. Watu wawili wazima wamekwisha kuijaza. Gunia la mahindi la kilo 100 pamoja na mpanda wake limeipita, na gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hautii tena. Nimeona watu watatu na mtungi wa gesi. Mkuu wa kijiji aonaye hayo na kunyamaza, naye ana sehemu yake. Mzigo mdogo ufungwe chini na mbele kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu, na ncha zote zifichwe. Ncha moja ikiingia katika njiti za gurudumu, safari imekwisha.

Njiani sasa. Penye mchanga, gia ndogo, macho mbali, mikono ilegee, uzito wako uuvute nyuma kidogo, na mafuta yasikatike. Chombo kitayumba, kiache kiyumbe. Mtu aangukaye katika mchanga aghalabu ni yule aliyeogopa, akafunga mafuta ghafula na kushika breki ya mbele. Penye udongo mweusi uliolowa simama kila mara, utoe kwa kijiti matope yaliyojaa kati ya tairi na bango, kwani yakijaa sana gurudumu hugoma. Mvua ikinyesha kweli kweli mbugani, kaa penye paa ungoje. Hakuna barua ya ofisi isiyoweza kungoja saa tatu.

Penye lami mambo hugeuka. Breki ya mbele, ambayo mchangani ni adui, hapa ndiyo yenye nguvu nyingi zaidi ya kusimamisha, kwa sababu chombo kikipungua mwendo uzito wote huegemea mbele. Ishike pamoja na ya nyuma, kwa kuikaza taratibu, wala usiinyakue. Na kumbuka hesabu hii: ukienda kilometa 60 kwa saa, wapita karibu mita 17 kila sekunde. Basi tangu jicho lione mtoto hadi mkono ufike penye breki, umekwisha kupita urefu wa darasa mbili, na chombo bado hakijaanza kupungua.

Maji ni jambo jingine, na watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa nguvu zake. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba, ukawaacha maelfu bila makao na kuikata reli. Vijito vidogo hufanya vivyo hivyo kwa kadiri yao. Mvua hunyesha milimani, wewe huku umekaa juani, na kijito ulichokivuka saa nne asubuhi ukiwa na viatu vikavu hukijui saa nane.

Ukifika mahali pa maji, zima, shuka, uvuke kwa miguu ukiwa na fimbo. Tazama kina, tazama mawe, na zaidi ya yote ona kama maji yakuvuta. Yakifika gotini na yanakwenda kasi, rudi. Yakiwa chini ya kitovu cha gurudumu na yametulia, vuka kwa gia ya kwanza, mwendo mmoja, wala usiache mafuta, ili moshi uendelee kutoka na maji yasiingie bombani. Ikizimika katikati, usijaribu kuiwasha. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na wewe ukapiga teke kwa nguvu au ukabonyeza stata, mkono wa pistoni hupinda, na gharama yake ni sawa na nusu ya chombo. Isukume hadi pakavu, ng'oa plagi, piga teke polepole mara nyingi mpaka maji yaishe, kausha plagi na kichujio cha hewa, ndipo urudishe. Kisha tazama oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamo, nayo sharti imwagwe kabla hujaenda mbali. Breki zitakuwa zimelowa. Zishike kidogo kidogo mpaka zikauke.

Yule atakaye kupita Mikumi kwenda upande wa Morogoro huingia katika hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964; ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu huipasua kwa kilometa 50 hivi. Katika njia za ndani za watalii pikipiki haziruhusiwi. Barabara kuu peke yake ndiyo ya watu wote. Mna vibao vya mwendo na matuta, na agonganaye na mnyama hutozwa faini. Lakini faini ni ya mwenye motokaa. Mwenye pikipiki akigonga swala, ni nadra awepo wa kutozwa.

Kwanza, usipite usiku, wala alfajiri na magharibi kama waweza, kwani ndizo saa za wanyama kuvuka. Taa ya pikipiki huonyesha mbele mita chache, na nyati mweusi juu ya lami nyeusi haonekani mpaka umemfikia. Pili, mmoja akivuka, ngoja. Swala na pundamilia hufuatana, na wa mwisho ndiye atakayeruka mbele yako. Tatu, tembo. Ukiwaona karibu na njia, simama mbali, mita mia au zaidi, usizime injini, usipige honi wala kuwamulika. Wakiwa na watoto, ongeza umbali. Mara nyingi litakuja basi au lori. Ngoja lipite nawe ulifuate kwa nafasi ya kutosha, kwa kuwa tembo huiogopa chuma kubwa zaidi ya mtu aliyekaa juu ya kitu kidogo kipigacho kelele. Usishuke kupiga picha. Nimewaona vijana wafanyao hivyo, na sijui wazazi wao wanajua.

Malori nayo yana hatari yake. Lori likupitapo hukusukuma kwa upepo wake, kisha hukuvuta. Inama kidogo, ushike usukani imara bila kuukaza, wala usiende ukingoni kabisa mwa lami ambako mchanga hutelezesha.

Kofia ngumu uivae na mkanda wake uufunge, wewe na abiria wako. Ile itundikwayo mkononi hulinda kiwiko. Waganga waliochunguza habari za nchi nyingi waliona ya kwamba kofia hupunguza vifo vya wapanda pikipiki walioanguka kwa kiasi cha 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa kiasi cha 69 katika 100. Viatu vifunike kifundo cha mguu, na kanzu au khanga isining'inie karibu na mnyororo. Kina mama wapandao upande mmoja waonywe kwa heshima.

Mfuko wangu wa vyombo una vitu hivi: spana za kufungulia magurudumu, koleo, bisibisi, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi, msasa, pampu, tyubu moja, plagi moja, kiungo cha mnyororo na klipu yake, waya wa klachi, tochi, na kipande cha ubao. Ubao huo ni wa kuwekea stendi chini ya mti, ardhi ikiwa laini. Wakati wa kiangazi usiegeshe juu ya majani makavu, kwani bomba la moshi lina moto wa kutosha kuunguza mbuga na pikipiki yenyewe.

Ukiziba pancha, usiharakishe kurudisha tyubu. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi pande zote mpaka uupate mwiba uliotoboa, kwani mara nyingi bado umo, nao utatoboa tena kabla hujafika kilometa mbili. Kisha, ukifika nyumbani, usimwagie injini maji ya baridi ingali moto. Iache ipoe, uupanguse mnyororo na kuutia mafuta, na uandike katika daftari kilometa ulizokwenda na tarehe uliyobadili oili. Daftari langu lina ukurasa mmoja wenye tarehe ya jioni ile ya tembo, na chini yake bei ya seti nzima ya mnyororo na sproketi, niliyoinunua kesho yake asubuhi.